Jalaram Bapa wa Virpur: Amani Iliyopatikana Jikoni

Katika kuadhimisha mwaka mwingine wa hekalu letu, tumeona inafaa tuwakumbushe wasomaji maisha ya mtu ambaye picha yake hutundikwa katika nyumba na maduka mengi ya Wahindu wa Afrika Mashariki: mzee mwenye kilemba cheupe, fimbo na ushanga wa sala. Watoto wetu huijua sura hiyo kabla hawajazijua habari zake. Kwa hiyo tunazieleza hapa, maana ndani yake mna jibu la swali ambalo waumini hutuuliza mara kwa mara: mtu mwenye duka, mke, watoto na madeni ataipataje amani ya moyo?

Jalaram alizaliwa tarehe 4 Novemba 1799 katika kijiji cha Virpur, eneo la Saurashtra, Gujarat, magharibi mwa India. Baba yake, Pradhan Thakkar, alikuwa mfanyabiashara wa jamii ya Walohana. Mama yake, Rajbai, alisifika kwa kuwakirimu masadhu, yaani watawa wanaotembea kutoka mahali hadi mahali bila mali. Hivyo kijana alilelewa kati ya mambo mawili, mizani ya baba na sahani ya mama, na tangu mapema moyo wake ulielekea kwenye sahani.

Alipofikia umri wa miaka 16 aliozwa Virbai, binti wa Atkot. Familia ilitumaini kwamba ndoa na duka vingemtuliza. Haikuwa hivyo. Kila msafiri mwenye njaa aliyepita aliondoka na kitu mkononi, na baba, aliyeona bidhaa zikitoka bila fedha kuingia, akamtenga na shughuli zake. Ami yake, Valji, akawapokea vijana hao wawili nyumbani kwake na kumpa Jalaram kazi dukani. Husimuliwa kwamba huko nako aliwagawia masadhu nguo na chakula, jirani akamshtaki, na ami alipokuja kuhesabu mali yake hakuona upungufu wowote.

Hata hivyo Jalaram hakuwa na raha. Aliona kwamba anagawa jasho la mwingine. Akafunga safari ya kuhiji mahali patakatifu pa India, na baada ya kurejea akaenda Fatehpur kwa Bhojalram, mwalimu wa kiroho aliyeheshimiwa sana katika Gujarat. Mwalimu akampokea kuwa mwanafunzi, akampa ushanga na jina la Rama la kulitaja daima. Wengi wangetazamia kwamba kijana huyo sasa angevaa vazi la utawa na kuiaga dunia. Yeye alirudi Virpur, na kwa baraka za mwalimu wake, mwaka 1820, akiwa na umri wa miaka 20, akafungua sadavrata: jiko la kulisha kila mwenye njaa, kila siku, bila malipo.

Tunaomba msomaji atue hapa kidogo. Nafaka ya jiko hilo haikutoka kwa tajiri wala kwa mfalme. Jalaram na Virbai walikwenda kuvuna katika mashamba ya watu, wakalipwa kwa nafaka, wakaiweka akiba. Ndiyo iliyoanzisha kazi. Akiba ilipokwisha, Virbai alitoa mapambo yake ya dhahabu yakauzwa. Kulima, kusaga, kukanda, kupika, kupakua, kuosha vyombo, na kesho kuanza upya: hiyo ndiyo iliyokuwa ibada yao. Bhagavad Gita hufundisha kwamba mtu atende wajibu wake bila kuyashika matunda ya kazi. Wengi wetu huyasoma mafundisho hayo na kuyaona magumu. Jikoni yanaeleweka upesi, kwa kuwa tunda la kazi ya mpishi huliwa na mwingine, na mgeni aliyeshiba huondoka pengine bila hata kushukuru. Anayeweza kumpakulia mgeni wa pili kwa uso uleule ameanza kuijua amani.

Katika zama zile, nani ale na nani lilikuwa jambo zito, likipimwa kwa tabaka na kwa dini. Jalaram hakuuliza. Husimuliwa habari ya Jamal, mfanyabiashara Mwislamu ambaye mwanawe aliugua hata waganga wakakata tamaa. Jamal aliweka nadhiri kwa jina la Jalaram, mtoto akapona, naye akaleta magunia ya nafaka kwa ajili ya jiko. Watu wakazidi kumwita Bapa, yaani baba, wa dini hii na wa dini ile.

Habari iliyo ngumu kuliko zote ni ya Virbai. Mapokeo yanasema kwamba sadhu mmoja mzee na dhaifu alifika akaomba, badala ya chakula, apewe Virbai amtunze katika uzee wake. Jalaram hakujibu kwa niaba ya mkewe. Alimwendea akamuuliza, na Virbai mwenyewe ndiye aliyekubali kwenda. Walipofika porini, yule mzee alimwachia fimbo na mkoba wake, akamwambia amsubiri, kisha akatoweka. Ilifahamika kwamba aliyekuja alikuwa Mungu, akiupima ukarimu wao. Virbai akarejea Virpur, na vitu hivyo viwili vingali vikihifadhiwa huko hata leo. Msomaji wa sasa anaweza kutaabika na kisa hiki, na sisi hatumlaumu. Tunachokiona ni kwamba jiko lile lilikuwa la watu wawili, na kwamba katika saa ya jaribu kubwa neno la mwisho lilikuwa la mwanamke.

Jalaram aliaga dunia tarehe 23 Februari 1881, akiwa katika sala. Jiko halikuzimwa. Wazao wake waliliendeleza, na tangu mwaka 2000 hekalu la Virpur halipokei sadaka yoyote, ilhali mahujaji wanaendelea kulishwa. Wazee wetu waliovuka bahari kutoka Saurashtra kuja kufungua maduka katika pwani na bara ya Afrika Mashariki walikuja na jina lake, na mahali pengi desturi ya kuwalisha wenye njaa katika siku yake ya kuzaliwa imedumu.

Tunapokaribishana katika sherehe hizi, tuwakumbuke wanaojitolea jikoni mwetu, walioamka kabla ya alfajiri na ambao majina yao hayamo katika kijitabu hiki. Na yeyote mwenye fadhaa moyoni, anayetafuta pa kuanzia, aanze pale alipoanzia Bapa: amtazame aliye karibu naye mwenye njaa, ampakulie, kisha aoshe sahani.