Papa Gregori Mkuu

Gregori alizaliwa Roma yapata mwaka 540, katika ukoo wa kitajiri. Kabla ya kutimiza miaka 40 alikuwa amekwisha kuwa liwali wa mji. Lakini aliuacha utukufu huo, akaigeuza nyumba ya ukoo wake kuwa monasteri, akawa mtawa.

Mwaka 590 Papa Pelagio wa Pili alifariki kwa tauni, Gregori akachaguliwa kushika mahali pake, ingawa hakuutamani mzigo huo. Mji ulikuwa umejaa njaa na wakimbizi. Walombardi waliutishia, na Kaisari aliyekaa Konstantinopoli hakuleta msaada wa kutosha. Basi Gregori aliagiza nafaka kutoka mashamba ya Kanisa huko Sisilia, akawalisha maskini, akapatana na adui. Mwaka 596 alimtuma Agostino na watawa wenzake kuhubiri Uingereza.

Alifariki tarehe 12 Machi 604. Nyimbo za Kanisa zilipewa jina lake, ijapokuwa wataalamu wengi hawakubali kwamba alizitunga yeye. Sifa yake iliyo imara ni nyingine: serikali iliposhindwa, aliuhesabu mkate wa maskini kuwa wajibu wake.

Zoezi: Taja vitenzi vya kauli ya kutendwa vilivyomo katika habari hii.