Faraday na Uhaba wa Maneno

Michael Faraday, mwana wa mhunzi, alizaliwa Uingereza mwaka 1791 na hakupata elimu ndefu ya shule. Akiwa mwanagenzi wa fundi wa kujalidi vitabu jijini London, alivisoma vitabu hivyo, na umeme ukamteka. Mwaka 1831 alithibitisha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili huzalisha umeme.

Hata hivyo, alipungukiwa na maneno. Mwaka 1834 alimwandikia William Whewell, msomi wa Cambridge, akapata anodi, kathodi na ioni kutoka Kigiriki. Ujuzi ulitangulia, jina likafuata.

Kwa hiyo mimi, mwanaisimu, nawasihi walimu wa Kinondo: mwanafunzi akikosa istilahi ya Kiingereza, tusimhesabu mjinga. Kwanza aeleze kwa Kidigo au Kiswahili alichokiona.