Kimya cha Thomas More

Kila mwaka wanafunzi wangu wa isimu huniuliza iwapo kunyamaza nako ni kusema. Jibu langu huanzia London, mwaka wa 1535, katika kesi ambamo uhai wa mshtakiwa ulitegemea maana ya kimya.

Thomas More alizaliwa katika jiji hilo mwaka wa 1478, mwana wa mwanasheria. Ujanani nusura awe mtawa, lakini hatimaye alioa, akashika uwakili. Mabinti zake aliwasomesha Kilatini na Kigiriki sawa na kaka yao, jambo lililokuwa nadra enzi hizo. Mwaka wa 1516 alichapisha Utopia, kitabu kuhusu kisiwa cha kubuni. Jina hilo alilifinyanga kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mahali pasipokuwepo, na lugha chungu nzima zimelikopa.

Mwaka wa 1529 Mfalme Henry wa Nane alimteua Kansela wa Uingereza. Hapa tusimpambe kupita kiasi. Katika kipindi chake watu sita walichomwa moto kwa sababu ya uzushi, naye aliiunga mkono adhabu hiyo. Mwalimu anayemsimulia More bila kuitaja habari hii anafundisha nusu ya mtu.

Henry alitaka kumwacha Malkia Katarina ili amwoe Anne Boleyn. Papa alipokataa, mfalme aliamua kuwa yeye mwenyewe ndiye mkuu wa Kanisa nchini. More alijiuzulu Mei 1532, akanyamaza. Aprili 1534 aliitwa aape. Alikuwa radhi watoto wa Anne warithi kiti cha enzi, kwani aliliona hilo kuwa ndani ya uwezo wa Bunge. Lakini kiapo kizima, kilichoyakana mamlaka ya Papa, alikikataa bila ya kutaja sababu. Akafungwa katika Mnara wa London. Bintiye Margaret, ambaye mwenyewe alikuwa ameapa, alimsihi alegeze msimamo. Hakulegeza. Aliponyimwa kalamu, aliandika kwa makaa.

Sheria mpya ilifanya kumkana mfalme cheo hicho kwa maneno kuwa uhaini. Kwa maneno, si kwa kimya! Kesi iliposikizwa tarehe 1 Julai 1535, waendesha mashtaka walidai kuwa kimya chake kilidhihirisha nia mbaya. More alijibu kwamba kisheria anyamazaye huhesabiwa kuwa amekubali. Bila shaka kila aliyekuwamo ukumbini alijua kwamba hakuwa amekubali. Lakini kujua anachowaza mtu ni jambo moja, na kumtia hatiani kwa neno ambalo hakulitamka ni jambo jingine.

Ilibidi, basi, neno lipatikane. Richard Rich alishuhudia kwamba alipozungumza na More gerezani, wakati vitabu vya mfungwa vilipokuwa vikiondolewa, alimsikia akisema Bunge haliwezi kumfanya mfalme mkuu wa Kanisa. More alikanusha vikali. Alipokwisha kuonekana na hatia ndipo alipofungua kinywa na kusema waziwazi kuwa sheria hiyo ilipingana na sheria ya Mungu.

Alikatwa kichwa tarehe 6 Julai. Kilitundikwa katika Daraja la London hadi Margaret alipofanikiwa kukipata. Papa Pius wa Kumi na Moja alimtangaza More mtakatifu mwaka wa 1935. Rich naye aliendelea kupanda vyeo, na mwaka wa 1547 akawa Kansela.