Al-Khazini na mizani ya haki

Kila siku tunapimiwa nyama, sukari na dhahabu, lakini ni wachache wanaomkumbuka Abdur-Rahman al-Khazini.

Aliishi Marw, mji ambao magofu yake leo yako Turkmenistan. Alikuwa mtumwa mwenye asili ya Kigiriki. Bwana wake alimsomesha hesabu na falsafa, naye akawa mwanachuoni wa falaki katika zama za Sultani Sanjar.

Kabla yake, al-Isfizari alitengeneza mizani ya kubaini dhahabu iliyochanganywa. Inasimuliwa kuwa mtunza hazina wa Sultani, akihofia hiyana yake isije ikafichuka, aliivunja. Al-Isfizari akafa kwa majonzi.

Al-Khazini akaiendeleza kazi hiyo. Mwaka 515 Hijria (1121/1122) aliandika kitabu cha Mizan al-Hikma, akieleza kitovu cha uzito na msawazo. Kanuni yenyewe ni hii: nguvu ya uzito kwenye mtambo wa mizani hutegemea pia umbali wake na egemeo. Kilo moja iliyo sentimita 20 kutoka kwenye egemeo husawazisha kilo mbili zilizo sentimita 10 upande wa pili. Mizani yake ilikuwa na vitanga vitano, kimoja kikizama majini, na iliweza kutofautisha dhahabu safi na ya kughushi.

Inasimuliwa kuwa alirudisha dinari 1,000 alizotunukiwa, akatosheka na dinari tatu kwa mwaka.

Sisi wenye maduka, tunapopima, vidole vyetu huwa wapi?