John Law na Pesa za Karatasi

Katika watu waliotajika sana katika habari za mali ni John Law, ambaye kwa fikira zake Ufaransa ilitajirika kwa karatasi, kisha kwa karatasi hizo hizo ikafilisika. Tumeona yafaa kuieleza sira yake kwa mukhtasari, kwani kila mmoja wetu ana noti mfukoni, na ni wachache waliojiuliza thamani yake yatoka wapi.

Alizaliwa Edinburgh, mji wa Scotland, mwaka 1671, naye ni mwana wa sonara. Alijaaliwa akili ya hesabu, lakini aliitumia kwanza katika kamari. Mwaka 1694 alimwua mtu London katika mapigano ya panga, akahukumiwa kufa, akatoroka kwenda Uholanzi. Mwaka 1705 alitoa kitabu akiwashauri watu wa Scotland watoe noti zenye dhamana ya ardhi; Baraza lao likakataa.

Mfalme Louis wa 14 alipokufa mwaka 1715, aliiachia Ufaransa deni zito. Duke wa Orléans, aliyetawala kwa niaba ya mfalme mtoto, akamruhusu Law kufungua benki mwaka 1716. Noti zake ziliahidi kulipwa kwa sarafu za uzito ule ule wa siku zilipotolewa, ilhali serikali ilikuwa na ada ya kuzibadili thamani sarafu zake. Basi watu wakaziamini karatasi kuliko fedha, na biashara ikafufuka.

Lau angalisimama hapo, angalisifiwa hata leo. Lakini mwaka 1717 aliunda kampuni ya biashara ya nchi za Mississippi, huko Marekani, na mwishoni mwa 1718 benki ikawa ya serikali. Noti zikapigwa chapa kwa wingi, watu wakakopeshwa wanunue hisa za kampuni. Hisa ya livre 500 ikafika kiasi cha 10,000 mwishoni mwa 1719. Faida ya Mississippi haikuwa imeonekana bado. Kilichozipandisha hisa ni wingi wa zile noti.

Januari 1720 akafanywa waziri wa fedha. Wenye busara walipoanza kudai dhahabu yao, ikakatazwa mtu kuweka sarafu zaidi ya livre 500. Mwezi wa Mei ikatangazwa kuwa thamani ya noti itapunguzwa nusu. Watu wakaghadhibika, amri ikafutwa upesi, lakini imani haikurejea. Mwezi wa Julai watu walikufa kwa msongamano mlangoni pa benki. Desemba Law akakimbia nchi, akafa maskini mjini Venice mwaka 1729.

Hatusemi kuwa karatasi ndiyo iliyokosa, kwani leo dunia nzima yaitumia. Noti ni ahadi, na ahadi ni amana. Law aliitimiza ilipokuwa chache, akashindwa alipoahidi zaidi ya alichonacho. Na hili halimhusu waziri peke yake. Lamhusu kila mwenye duka aandikaye deni, na kila akopaye asichoweza kulipa.