Noyce: Mwizi wa nguruwe aliyeipa dunia chipu

MKULIMA anayepokea malipo ya mahindi yake kwa simu, au mfanyabiashara anayepima mchele kwa mizani ya umeme, anatumia kifaa kidogo kinachoitwa maikroprosesa. Ni kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha, na ndicho kinachofanya hesabu zote ndani ya mashine. Mmoja wa watu waliokiwezesha kuwepo ni Mmarekani Robert Noyce, ambaye nusura aishie jela kwa sababu ya nguruwe.

Noyce alizaliwa Desemba 12, 1927 huko Burlington, jimbo la Iowa, akiwa mtoto wa mchungaji. Iowa ni nchi ya mahindi na nguruwe. Familia haikuwa na fedha nyingi, na kijana huyo alikulia katika mji mdogo wa Grinnell, ambako pia alisoma chuo.

Mwaka 1948, wanafunzi wenzake waliandaa sherehe ya mtindo wa Hawaii na wakataka nguruwe wa kuchoma. Noyce na rafiki yake wakatumwa kumtafuta. Usiku waliingia katika shamba la jirani, wakamwiba mmoja. Asubuhi dhamiri iliwasuta, wakarudi kwa mwenye mali kukiri na kutaka kulipa. Mkulima hakuona kichekesho chochote. Kwa sheria za Iowa za wakati huo, kuiba mfugo lilikuwa kosa kubwa, lenye kifungo cha mwaka mmoja au zaidi na faini. Na kwa haki, maana mfugo ndio benki ya mkulima.

Wakuu wa chuo, pamoja na mwalimu wake wa fizikia, Grant Gale, waliomba na kubembeleza mpaka mkulima akalegea. Noyce alisimamishwa kwa muhula mmoja, akaenda New York kufanya kazi katika kampuni ya bima.

Aliporudi, Gale alikuwa amepata transista, kifaa kilichobuniwa mwishoni mwa mwaka 1947 katika maabara za Bell, na ambacho wakati huo vyuo vichache tu vilikuwa nacho. Kijana aliyekuwa karibu kufukuzwa akakipenda kifaa hicho kuliko kitu kingine chochote. Alihitimu mwaka 1949, na mwaka 1953 akapata shahada ya udaktari wa fizikia katika chuo cha MIT.

Mwaka 1956 alihamia California kufanya kazi kwa William Shockley, mmoja wa wabunifu wa transista. Shockley alikuwa mwanasayansi mkubwa lakini bosi mgumu asiyeamini mtu. Mwaka uliofuata vijana wanane, Noyce akiwamo, waliondoka kwa pamoja na kuanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor kwa mtaji wa tajiri wa New York, Sherman Fairchild.

Tatizo la biashara hiyo lilikuwa nyaya. Transista zilitengenezwa nyingi kwa pamoja juu ya bamba moja la silikoni, kisha zikakatwa moja moja na kuunganishwa tena kwa mkono, wafanyakazi wakitumia darubini. Kazi ilikuwa ghali na makosa yalikuwa mengi. Mwenzake Jean Hoerni alikuwa amegundua namna ya kufunika transista kwa tabaka la kuilinda. Mwaka 1959 Noyce aliona kwamba juu ya tabaka hilo zingeweza kuchapwa njia za metali, na saketi nzima ikabaki katika kipande kimoja. Jack Kilby wa Texas Instruments alikuwa amefikia wazo linalokaribiana miezi michache kabla, na kampuni hizo mbili zilishitakiana kwa miaka.

Wateja walisita kununua kitu kigeni. Hapo Noyce alifanya jambo ambalo mwenye duka yeyote atalielewa na pengine kuliogopa: katikati ya miaka ya 1960 aliuza chipu chini ya gharama ya kuzitengeneza. Oda ziliongezeka, uzalishaji ukapanda, gharama ikashuka. Ingeweza pia kumfilisi.

Lakini faida ilikwenda makao makuu New York, na alipopitwa katika cheo cha juu, mwaka 1968 Noyce aliondoka na mwenzake Gordon Moore. Wakaanzisha Intel kwa mtaji wa dola milioni 2.5 uliokusanywa na Arthur Rock.

Intel ilikusudia kuuza chipu za kutunza kumbukumbu. Mwaka 1969 kampuni ya Kijapani ya Busicom ikaagiza chipu za kalkuleta, karibu dazeni moja, kila moja na kazi yake. Mhandisi Ted Hoff alipendekeza nne tu, mojawapo ikiwa ya kufuata maelekezo ya programu. Ukitaka kazi nyingine, unabadilisha programu badala ya kuunda chipu mpya. Noyce alimruhusu aendelee ingawa haikuwa biashara ya kampuni. Federico Faggin ndiye aliyeifanya ikatengenezeka, akisaidiwa na Masatoshi Shima wa Busicom.

Haki zote zilikuwa za Busicom. Bei za kalkuleta ziliposhuka, Wajapani waliomba punguzo. Intel ilikubali, ikarudisha dola 60,000, nayo ikapata ruhusa ya kuiuza chipu hiyo kwa kazi nyingine. Novemba 1971 ilitangazwa kwa jina la 4004, ikiwa na transista 2,300. Mwaka 1981 IBM ilitoa kompyuta yake ndogo ikiendeshwa na chipu ya Intel.

Chuo cha Grinnell nacho hakikuambulia patupu. Wakati Intel inaanza, chuo hicho na wadhamini wake wawili waliweka dola 300,000, ambazo kufikia mwaka 1980 zilikuwa zimezaa karibu dola milioni 14.

Noyce alifariki kwa ugonjwa wa moyo huko Austin, Texas, Juni 3, 1990, akiwa na miaka 62. Mwaka 2000 Kilby alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi ya chipu. Nobel haitolewi kwa waliokwisha kufa, na Kilby alimtaja Noyce katika hotuba yake ya kuipokea.