Jason Sendwe: Msaidizi wa daktari aliyeacha wodi kuandaa viongozi wa Katanga

Jina la Sendwe hutajwa kila siku mjini Lubumbashi na wagonjwa, wauguzi na madereva wanaopeleka watu kwenye hospitali kubwa ya jimbo inayoitwa kwa jina hilo. Mwenye jina hufahamika zaidi kama mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1964. Kinachotajwa kidogo ni kwamba kabla ya siasa, kazi yake ilikuwa kutibu.

Jason Sendwe alizaliwa mwaka 1917 huko Mwanya, katika eneo la Kabongo, ambalo leo liko jimbo la Haut-Lomami. Alisoma katika shule za misheni ya Methodisti, akawa mwalimu na mhubiri, kisha akageukia tiba.

Wakati huo Mkongomani hakuweza kusomea udaktari nchini mwake. Lovanium, chuo kikuu cha kwanza, kilifungua milango mjini Léopoldville mwaka 1954. Cheo cha juu ambacho mzalendo aliweza kufikia katika tiba kilikuwa msaidizi wa daktari: anapima, anatibu na kusimamia wauguzi, lakini juu yake yupo daktari Mbelgiji. Sendwe alifika kwenye cheo hicho, na hapo ndipo njia ilipoishia.

Kutafuta watu

Mwaka 1957 Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa kwanza wa komini mjini Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi. Mji ulikuwa umejaa watu waliokuja kufanya kazi katika kampuni ya madini ya Union Minière na katika reli, na kila jamii ilikuwa na chama chake cha kusaidiana. Mwaka huohuo ulizaliwa muungano wa Wabaluba wa Katanga, Balubakat, na Sendwe akawa kiongozi wake.

Kazi ikabadilika. Chama hakikuhitaji dawa, kilihitaji watu. Kama ilivyokuwa kwa vyama vyote vya Kongo wakati huo, viongozi walitafutwa miongoni mwa walimu, makarani na wauguzi, kwa kuwa shule za wakoloni hazikutoa wengine. Miongoni mwa waliopanda kupitia Balubakat ni Rémy Mwamba, waziri wa sheria katika serikali ya Patrice Lumumba, na Prosper Mwamba Ilunga.

Mwanzoni Balubakat ilikuwa ndani ya Conakat, chama cha Moïse Tshombe. Ilijitoa Novemba 1959, kwa kuwa Sendwe alitaka Kongo moja. Januari 1960 alikuwa Brussels kwenye mkutano wa Meza ya Duara uliopanga uhuru. Katika uchaguzi wa Mei, yeye alipata kiti katika bunge la taifa. Katika bunge la Katanga lenye viti 60, Conakat ilipata 25, na muungano ulioongozwa na Balubakat ukaikaribia sana.

Vijana wanapotoka mkononi

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya uhuru, Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Lumumba alikuwa amemchagua Sendwe kuwa kamishna wa serikali jimboni, lakini hakuweza kushika kazi hiyo.

Kaskazini, vijana wa Balubakat waliingia vitani dhidi ya askari wa Tshombe. Vijiji vilichomwa, na raia wengi waliuawa. Sendwe alizunguka huko akiwa na ulinzi wa Umoja wa Mataifa, akiwaomba watulie. Palikuwa na waliomsikiliza, lakini vita viliendelea. Chama kilikuwa kimeandikisha vijana kwa haraka kuliko kilivyoweza kuwalea.

Agosti 1961 alikuwa naibu waziri mkuu katika serikali ya Cyrille Adoula. Septemba 1963 akawa rais wa jimbo la Katanga ya Kaskazini, makao yake Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Aliyemtangulia kwenye kiti hicho ni Mwamba Ilunga, mwenzake wa chama, na ugomvi wa kambi zao ulikuwa umekwisha kukigawa chama. Hapakuwa na nguvu ya pamoja ya kukabili uasi wa Simba ulipofika.

Juni 1964 waasi waliuteka mji, na Sendwe akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 47 hivi. Upande wa uasi alikuwepo kijana aliyeanza siasa katika safu za vijana wa Balubakat: Laurent-Désiré Kabila, aliyekuja kuwa rais wa nchi mwaka 1997.

Utawala wa Mobutu ulizima vyama, na jimbo alilokuwa akiliongoza Sendwe likaunganishwa tena na sehemu nyingine ya Katanga. Mjini Lubumbashi, jina lake limebaki mlangoni mwa hospitali.